Ushuhuda Nilioufuta: Kikohozi, Maombi na Njia ya Kurudi kwa Yaya Wangu

Mwezi wa Agosti 2018 nilisimama mbele ya kusanyiko katika chumba kimoja cha maombi hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwamba Bwana ameniponya. Wanawake walipiga vigelegele, vijana wakapiga ngoma, na mtu niliyekuwa simfahamu akanikumbatia huku akilia kwa furaha. Hakuna aliyejua kwamba nusu saa kabla ya ibada nilikuwa nimekunywa vijiko vitatu vya dawa ya maji ya kutuliza kikohozi, ili sauti isinikatike mbele za watu. Miezi miwili baadaye maabara ilionyesha kwamba nilikuwa na kifua kikuu cha mapafu, ugonjwa unaopita hewani, na kwamba yule aliyenikumbatia, pamoja na wote waliokesha nami katika chumba kile kisicho na madirisha, walikuwa wamevuta pumzi yangu.

Nimekaa na habari hii kwa muda mrefu. Sasa naiandika kwa sababu najua kuna ndugu wengine, katika milima hii ya Kadutu na kwingineko, ambao usiku huu wanafunga na kuomba juu ya ugonjwa ambao haujapimwa. Sikuandika ili kumvunja mtu moyo asiombe. Mimi naomba, na naamini kwamba Mungu aliniponya. Ninachotaka kueleza ni namna alivyoniponya, maana haikuwa namna niliyoitangaza.

Kikohozi kilianza mwezi wa tatu 2018, katikati ya mvua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilisingizia vumbi la chaki na baridi ya asubuhi. Nilinunua amoksisilini kwenye duka la dawa, nikamaliza dozi, nikanunua nyingine. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni kosa la watu wengi katika mji wetu: tunanunua vidonge dukani kabla ya kujua tunatibu nini. Kikohozi kinachopita wiki mbili kinatakiwa kupimwa makohozi. Wiki zangu mbili zilikuwa miezi saba.

Kufikia mwezi wa tano nilikuwa naamka usiku shuka limelowa jasho, suruali zangu zinashikiliwa na mkanda, na kilima kutoka shuleni hadi nyumbani nakipanda kwa vituo vitatu vya kupumzika. Hapo ndipo neno lilipoanza kunong'onwa katika ukoo: karuho. Msomaji wa hapa kwetu Kivu hahitaji maelezo, lakini kwa aliye mbali niseme kwamba karuho ni sumu ambayo watu husadiki kuwa mtu hulishwa katika chakula au kinywaji, ikamla taratibu kwa kikohozi na kukonda. Kwa bahati mbaya, ndivyo kifua kikuu nacho kinavyomla mtu, na sijui ni wangapi wamezikwa katika mkoa wetu huku jirani akilaumiwa kwa kazi iliyofanywa na kijidudu.

Kwangu mimi, wa kulaumiwa alikuwa karibu. Yaya wangu, dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, tulikuwa tumegombana naye juu ya shamba la marehemu baba yetu huko Kabare. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili, nilikuwa nimekula nyumbani kwake. Nikaunganisha mambo hayo mawili, ugomvi na sahani, na tangu hapo sikuhitaji ushahidi mwingine. Nililipa dola 40 kwa mtu wa miti shamba aliyenipa dawa ya kutapisha, nikatapika siku nzima hadi damu ya koo ikatoka, na yeye akaniambia kuwa sumu imeanza kuondoka.

Mwezi wa sita nikapelekwa kwenye chumba cha maombi. Sitakitaja, maana lengo langu si kukishtaki, na tena sitaki kuficha mema niliyoyaona humo. Watu walinipokea. Kijana mmoja alinishika kichwa usiku nilipokohoa hadi kuishiwa nguvu, naye hakuniogopa. Lakini mtumishi aliyeongoza aliniambia kwamba anaona mwanamke wa damu yangu, na anaona sahani. Niliporomoka chini kwa mshangao. Ilinichukua miezi kukumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimewasimulia habari ya yaya na ya Pasaka wale ndugu wawili walionipokea mlangoni siku ya kwanza na kuniandika katika daftari.

Nikaambiwa nifunge siku saba, tatu kati ya hizo bila hata maji. Nikaambiwa nitoe sadaka ya ukombozi. Kwa kuwa mshahara wa mwalimu hautoshi hata chakula cha mwezi, tuliuza cherehani ya mke wangu kwa dola 120, cherehani iliyokuwa ikilipa karo ya watoto. Aliitazama ikitolewa nje akakaa kimya, na ukimya ule ulinikera, nikauita upungufu wa imani. Leo nikihesabu yote, dawa za dukani, miti shamba, sadaka na nauli, napata kama dola 310, ambazo zilitumika kabla sijapimwa hata mara moja. Na kipimo cha makohozi, pamoja na dawa zenyewe za kifua kikuu, hutolewa bure katika nchi yetu. Laiti mtu angeniambia hilo mwezi wa tatu.

Jambo jingine ambalo sikulijua ni kwamba mwili unaoliwa na kifua kikuu unahitaji chakula kuliko kawaida. Kufunga kwa mtu mzima wa afya ni jambo jema, na Maandiko yanalifundisha. Lakini mimi niliingia mle na kilo 58, nikatoka na 51, na kila kilo niliyopoteza ilikuwa silaha niliyomkabidhi adui.

Baada ya mfungo, kikohozi kilitulia siku chache, kama kinavyofanya mara kwa mara katika ugonjwa huu. Nikaulizwa kama nimepokea. Nilijua ndani yangu kwamba sijui, lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba kusema "bado" ni kumpa shetani nafasi. Basi nikanunua ile dawa ya maji, nikaenda kushuhudia.

Shule ikafunguliwa Septemba, nikarudi darasani kwa watoto 52.

Mwisho wa mwezi huo, jioni moja, mke wangu alikuwa anamsuka binti yetu mdogo, aliyekuwa na miaka minne. Mtoto amekaa kati ya magoti yake, kichwa kimeinamishwa. Nikaona vidole vya mke wangu vinasimama chini ya sikio, vinarudi nyuma, vinagusa tena. Akaniita nishike. Chini ya ngozi ya shingo kulikuwa na vitezi vitatu vimefuatana, kama punje za maharagwe katika ganda lake, havimuumi mtoto hata ukivibonyeza. Mke wangu hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba watoto, kesho tunakwenda kupimwa sote, na usipokwenda nitakwenda na watoto peke yangu."

Tulikwenda kituo cha afya. Nilipewa vikopo viwili vya plastiki, kimoja nijaze palepale, kingine nijaze kesho yake nikiamka, kabla ya kupiga mswaki na kabla ya kula. Ushauri mdogo kwa atakayepitia njia hii: kohoa kutoka kifuani, nje penye hewa, usiwape mate, kwa maana mate hayaonyeshi kitu na yatakurudisha nyuma siku kadhaa. Ukiambiwa upimwe pia virusi vya ukimwi, usikatae wala usidhani umetuhumiwa, ni utaratibu kwa kila mwenye kifua kikuu. Nililala macho usiku ule kwa sababu ya kipimo hicho, na majibu yake yakawa salama.

Majibu ya makohozi nilipewa Ijumaa tarehe 5 Oktoba 2018. Siku hiyo Bukavu haiwezi kuisahau, kwa sababu asubuhi ileile ilitangazwa kwamba Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mji huu, amepewa tuzo ya Nobeli ya amani. Habari ilimkuta akiwa katika chumba cha upasuaji hospitalini Panzi. Nje magari yalipiga honi, akina mama waliimba barabarani, na mimi nimekaa kwenye benchi na karatasi iliyoandikwa kwamba nina vijidudu. Muuguzi aliyenipa karatasi ile, mama wa makamo, alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Nilimwambia kwamba mimi nilikwisha kuombewa, na kwamba kumeza dawa sasa kungekuwa kukana nilichopokea.

Hakunibishia. Aliniambia habari ambayo Daktari Mukwege ameisimulia mwenyewe mara nyingi: kwamba baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste hapa Bukavu, na siku moja walikwenda pamoja kumwombea mtoto mgonjwa. Baada ya maombi, Mukwege, akiwa bado mdogo, akamuuliza baba yake kwa nini hakumpa mtoto yule dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kwamba atakuwa daktari, baba aombe naye atoe dawa. "Yule mchungaji hakumkemea mtoto wake, Mwalimu," muuguzi aliniambia. "Na leo unasikia honi hizo."

Nilianza matibabu Jumatatu iliyofuata. Ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, minne ya mwisho dawa mbili. Mimi nilimeza vidonge vitatu kila asubuhi, kwa kuwa kipimo hufuata uzito. Binti yetu alikutwa na kifua kikuu cha tezi, akapewa vidonge vya watoto vinavyoyeyuka majini, vyenye ladha ya matunda. Siku ya kwanza aliomba aongezwe. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kwa sababu nilijua ugonjwa ule aliupata wapi.

Muuguzi alinionya kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, na nashukuru alinionya, maana bila hivyo ningesema ni damu na ni karuho inajibu. Wiki za kwanza nilikuwa na kichefuchefu na maumivu ya viungo, na baadaye nyayo zikawaka moto hadi nilipoongezewa vitamini B6. Mambo haya yaseme kwa muuguzi, usiyatatue kwa kuacha dawa. Na wiki ya sita utajisikia umepona kabisa. Hapo ndipo wengi huacha, na vijidudu vilivyobaki hujifunza kuishinda dawa, na matibabu ya aina hiyo ya pili ni magumu zaidi. Shuleni nilimweleza mkuu wa shule ukweli, nikakaa nyumbani hadi niliporuhusiwa. Watoto wawili waliokuwa wakikohoa walipimwa, hawakukutwa na kitu. Sijawahi kumshukuru Mungu kama nilivyomshukuru siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika wiki ya tatu ya dawa mwili ulianza kupata nafuu, lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nalala saa mbili au tatu, nashtuka, nasikia vigelegele vya Agosti. Ndipo akaja kunitembelea mama mmoja mzee wa kanisa letu. Wazazi wake walikuwa watu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Afrika ya Mashariki yote, ambao watu wake walijulikana kwa kuungama waziwazi, kurudisha walichoiba, na kuombana msamaha uso kwa uso. Wao waliita kutembea nuruni. Yule mama hakuja na kelele. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, penye hewa, akakataa kiti cha ndani kwa sababu alikuwa amewauliza wauguzi namna ya kumtembelea mgonjwa wa kifua. Akauliza juu ya dawa, juu ya mtoto. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, kuna neno gani ambalo hutaki Mungu alisikie?"

Nilikuwa nimeombewa na watu wengi mwaka ule. Wote waliniuliza nani amenifanyia nini. Huyu peke yake aliniuliza mimi nimefanya nini.

Nilimwambia habari ya vile vijiko vitatu. Nikamwambia habari ya cherehani. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimewatangazia shangazi na wajomba kuwa yaya ni mlozi, na kwamba watu wa kijiji walikuwa wameacha kununua maharagwe yake. Maneno yalitoka yakiwa yamechanganyika na kikohozi, na sikumaliza kwa saa nzima. Aliponisikiliza mpaka mwisho alinisomea Yakobo sura ya 5, si mstari wa kumpaka mgonjwa mafuta peke yake ambao nilikuwa nimeusikia mara mia katika chumba cha maombi, bali na ule wa 16 unaofuata, unaoagiza watu waungamiane dhambi na kuombeana wapate kuponywa. Mistari hiyo imekaa pamoja, na mimi nilikuwa nimeikata katikati. Aliomba kwa sauti ya chini, dakika chache. Usiku ule nililala hadi jua likanikuta kitandani, na asubuhi nikaomba uji wa pili.

Sisemi kwamba toba iliua vijidudu. Dawa ndiyo iliyoviua, na ningekuwa nasema uongo wa pili nikisema vinginevyo. Lakini uongo wangu ndio ulionizuia kupimwa, chuki yangu ndiyo iliyonipa jina la uongo la ugonjwa, na woga wa kuonekana mtu asiye na imani ndio ulioniweka darasani nikikohoa. Mambo hayo matatu hayana kidonge. Roho wa Mungu alipoyagusa, nilianza kula, nikaanza kulala, na nikaweza kumeza dawa kila asubuhi kama mtu anayepokea kitu kutoka mkononi mwa Baba, si kama mtu aliyeshindwa. Tangu hapo nimesoma Injili kwa macho mengine. Wale wakoma kumi katika Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuchunguza ngozi na kutoa hukumu kama mtu ni safi. Bwana hakuogopa kipimo. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, baada ya maombi ya mfalme kukubaliwa. Na Paulo alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, wala hakumwita mtu asiye na imani.

Mwezi wa kumi na mbili makohozi yangu yalipotoka safi, nilipanda pikipiki hadi Kabare kwa yaya. Alikuwa anaanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mkeka. Hakunisalimu mara moja. Nilipiga magoti pale pale uani, watoto wake wakitazama, nikasema yote. Aliendelea kutandaza samaki kwa kidole, mmoja mmoja, hadi mkeka ukaisha. Kisha akaingia jikoni akatoka na bugali, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja, akaketi mbele yangu, akamega tonge, akachovya, akala. Akamega la pili kutoka upande wangu wa sahani, akala. Akanitazama, akasogeza sahani kwangu. Sijawahi kuhukumiwa namna ile, na sijui kama nilionja chochote. Kwa hiyo namsihi kila anayesoma: mtu yeyote, awe mganga au mtumishi, akikupa ugonjwa wako sura ya ndugu yako, simama uondoke hapo, kwa sababu utapona ugonjwa lakini tonge lile utalikumbuka.

Januari nilirudi katika chumba cha maombi nikaomba ruhusa ya kufuta ushuhuda wangu. Sikupewa kipaza sauti. Niliambiwa naua imani ya watu. Nikasimama nje, kando ya barabara, nikawaeleza wale niliowafahamu kadiri walivyokuwa wakitoka. Wengi walipita. Mama mmoja alirudi peke yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kituo cha kupimia kiko wapi, na kama ni kweli hawalipishi. Katika kanisa letu nilipewa nafasi, nikasema kila kitu, na Mchungaji hakujaribu kunifupisha. Mwezi wa pili wazee walikuja nyumbani kunipaka mafuta mimi na binti yangu, kama Maandiko yanavyoagiza. Walipomaliza, Mchungaji aliona pakiti ya dawa mezani, akauliza, "Na za leo umeshameza?" Nilikuwa nimesahau. Mke wangu akaleta maji, nikameza wao wakiwa wamesimama.

Nilimaliza dawa mwanzoni mwa Aprili 2019, nikiwa na kilo 60. Shingo ya binti yetu ilikuwa laini. Cherehani hatujairudisha bado, tunaweka akiba kidogo kidogo. Pasaka ilipofika, tarehe 21, tulikwenda Kabare familia nzima. Yaya alileta bugali, maharagwe na sambaza wa kukaanga, akaweka mkekani, akanyoosha mkono ili ale kwanza, kama alivyokuwa akifanya tangu Desemba kila nilipomtembelea. Nikamtangulia. Nilimega tonge kubwa kutoka upande wake, nikalitia kinywani kabla hajaligusa, na machozi yakanitoka kwa ajili ya joto lake na kwa ajili ya mambo mengine.

"Polepole, mdogo wangu," akasema, akinisogezea maji. "Bado ni moto."